Ufunguo wa Grili Uko Wapi?

Usiku mmoja wa Machi 2001, wavulana 67 walipoteza maisha bweni lao lilipoungua katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Sasa tazama nyumba yako. Tunaogopa wezi, na tuna sababu, ndiyo maana kila dirisha lina grili. Lakini moshi hujaza chumba kwa dakika chache, nao huua wengi kabla moto haujawafikia. Ukiwa gizani, unakohoa, ufunguo utauona wapi? Mwambie fundi wa kuchomelea atie bawaba angalau kwenye grili moja ya chumba cha kulala, ifunguke kwa ndani. Ufunguo utundikwe kwenye msumari jirani, mahali mtoto anapofikia lakini mkono wa aliye nje haufiki.

Kisha leo jioni zimeni taa, kila mtu atafute njia kwa kutambaa, maana hewa ya kuvuta hubaki chini karibu na sakafu. Nani atambeba mtoto mchanga? Nani atamshika bibi mkono? Kubalianeni sasa, na mahali pa kukutania nje mpate kuhesabiana. Wanaokaa ghorofani watumie ngazi, si lifti.

Aliyekwisha kutoka asirudi kufuata simu wala televisheni. Mkiwa salama nje, pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji hapa Tanzania.