Tiba ya mazungumzo ya kikundi kwa wagonjwa wa akili waliolazwa

Maelezo ya ofisi ya uratibu wa miradi ya dayosisi mbele ya kamati za sharika na wageni wafadhili, Kinjumbi, wilayani Kilwa



Tumekuja na ombi ambalo halina tofali hata moja ndani yake. Tunajua kamati zetu hupenda mradi unaoonekana kwa macho, na wafadhili nao hupenda jengo lenye kibao mlangoni. Safari hii tunaomba mikeka, uji, nauli na muda wa watu.

Walengwa ni wagonjwa waliolazwa hospitali kwa sababu akili imevurugika ghafla. Mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini kuwa anawindwa, halali, maneno yake hayashikamani. Wataalamu huiita hali hiyo saikosisi. Inaweza kuletwa na malaria kali, na VVU, na bangi au pombe. Inaweza kumpata mama aliyetoka kujifungua. Na inaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa muda mrefu kama skizofrenia. Ndiyo maana kipimo cha damu na daktari hutangulia mambo yote tutakayoyasema leo. Wapo waliompeleka mgonjwa wao kwa mganga kwanza, wapo waliompeleka kwenye maombezi. Hatukuja kuwahoji.

Kanisa si geni katika kazi hii. Lutindi, kule Milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari kutoka Ujerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Wagonjwa wa Lutindi wamezoea kushirikiana kazi za mikono na za shamba la chai kama sehemu ya tiba yao. Serikali ya kikoloni ilifungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Lakini Korogwe na Dodoma ni mbali mno kwa mtu wa Kinjumbi, na hata Dar es Salaam si ya kutegemea kila wakati. Mnakumbuka Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Kusini huku Somanga. Kwa hiyo tunazungumzia hospitali za huku huku, za wilaya na za mkoa, ambako mgonjwa wa akili mara nyingi hulazwa siku chache tu au wiki chache.

Katika siku hizo anapata dawa, na dawa ni lazima. Sindano ya haloperidoli au vidonge vya kloropromazini hupunguza sauti na hofu, ingawa vinaweza pia kumfanya mtu asinzie, akakamae misuli au ashindwe kutulia. Baada ya dawa ni nini? Saa ndefu za kutazama dari. Mgonjwa anakaa na watu kumi wodini na haongei na hata mmoja, kwa sababu anawaogopa, nao wanamwogopa.

Hapo ndipo kikundi kinaingia. Tunapenda kusema wazi kuwa si kila mazungumzo yanafaa. Kumkalisha chini mtu ambaye akili imepasuka, ukamchimba kuhusu utoto wake au ukamkosoa mbele ya wenzake, kunaweza kumzidishia ugonjwa. Mmarekani Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili, aliandika mwaka 1983 kitabu kuhusu vikundi vya wagonjwa waliolazwa, na hoja yake kuu inatufaa sana: wodini watu huingia na kutoka kila siku, basi kila kikao kihesabiwe kuwa ndicho cha kwanza na cha mwisho. Mtu aliyekuja Jumanne peke yake lazima aondoke na kitu Jumanne ile ile. Usimwahidi wiki ijayo. Wiki ijayo huenda yuko kwao anapalilia ufuta.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Kikundi kiwe cha watu watano hadi saba, kwa muda usiozidi dakika 45, mahali pale pale na saa ile ile, baada ya uji wa asubuhi. Anayeingia ni yule ambaye muuguzi ameona anaweza kukaa chini bila kujidhuru wala kudhuru wengine. Siku za kwanza za kupiga kelele na kukosa usingizi si za kikundi. Ni za dawa, chakula na kulala. Mtu akichoka katikati anaruhusiwa kuondoka, na akirudi hakuna anayemuuliza. Viongozi wawe wawili, mmoja wao muuguzi, ili mgonjwa mmoja akisumbuka asiachwe peke yake na kikao kisivunjike.

Kikao kinaanza kwa majina, siku, tarehe na mahali tulipo. Msicheke. Kwa mtu ambaye dunia yake imepinduka, kuambiwa kwa sauti ya upole kuwa leo ni Jumanne na hapa ni hospitali ni kama kushikwa mkono gizani. Halafu panakuja kazi moja ndogo. Mathalani nazi inapitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu anataja matumizi yake moja: mmoja atasema tui, mwingine kamba ya makumbi, mwingine kifuu cha kuchotea maji. Kazi inaonekana ya kitoto, lakini angalieni kilichotokea: mtu amemsikiliza jirani yake ili asirudie jibu lake. Hilo ndilo ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya.

Mtu akisema sauti inamtukana, kiongozi habishani naye wala haungi mkono. Atasema: mimi siisikii, lakini naona inakuchosha, je, yupo mwingine hapa aliyewahi kupata taabu kama hii? Mara nyingi yupo. Mgonjwa anayesikia mwenzake akisema "hata mimi" anapata kitu ambacho daktari hawezi kumpa.

Mambo mawili ya kwetu hayamo vitabuni. La kwanza ni heshima. Mgonjwa wa akili akifika wodini hupoteza jina: anakuwa "yule kichaa wa kitanda cha dirishani". Katika kikundi ataitwa Mzee, Bibi, Shehe, Mwalimu, kama alivyoitwa kwao, na wanawake watakuwa na kikao chao wakipenda, maana wengi hawataongea mbele ya wanaume wasiowajua. La pili ni utani. Sisi watu wa Kusini tunatibu misiba kwa utani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Lakini mtu anayeamini anawindwa huusikia utani kama tishio. Viongozi wetu, hata wawe watani wa kuzaliwa, utani watauacha mlangoni.

Mahubiri pia yatabaki nje ya kikao. Atakayetaka sala ataipata kwa mchungaji au kwa imamu wake, kwa wakati wake. Na kiongozi atakayemwambia mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa tutamwondoa siku hiyo hiyo.

Akitoka hospitali, kazi inahamia hapa Kinjumbi. Dar es Salaam na Mbeya, katika miaka ya karibuni, watafiti wamejaribu mpango uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, unaowakalisha pamoja wagonjwa na ndugu zao. Tunataka kufuata njia hiyo: mara moja kwa mwezi, siku ya sindano, ndugu na wagonjwa wakutane zahanati. Ndugu ndiye anayejua usingizi wa mgonjwa umeanza kupotea. Ndugu ndiye pia anayefunga kamba, naye hufunga kwa sababu usiku ameachwa peke yake na mtu mwenye panga.

Kwa wageni wetu wafadhili: picha za wagonjwa hamtaziona katika jarida hili, na majina hayatasomwa kanisani hata kwa nia ya kuombewa. Mtakachopata ni idadi ya vikao vilivyofanyika, watu waliohudhuria, na waliorudi kwa sindano ya mwezi wa pili. Wodi ni ya serikali, hivyo hatuanzi bila idhini ya mganga mkuu wa wilaya.

Kwa kamati: kila usharika utoe majina mawili ya kwenda mafunzo, moja la mwanamke. Si lazima wawe washarika wetu. Wawe watu wanaoweza kukaa kimya dakika nzima bila kutoa ushauri. Nauli na posho ya chakula zimo kwenye bajeti mliyogawiwa, ukurasa wa pili, na mtaona kuwa fungu la ujenzi tumeliacha wazi. Kamati ikitaka fedha hizo zirudi kwenye ukumbi, iseme leo kabla hatujafunga kikao. Tunapokea maswali, tukianza na akina mama waliokaa nyuma.