Kumtafuta Mkubwa Anayefaa: Maneno kwa Watu wa Laare

Leo napenda tuzungumze juu ya jambo liwezalo kuwajenga watu au kuwavunja, nalo ni namna ya kumpata mtu anayefaa kukaa katika cheo kikubwa. Nitachukua mfano wa Chifu, maana kila mtu aijua kazi yake.

Cheo hiki si heshima tu. Mtu akifa na kuacha shamba, wanaopeleka shauri la urithi kortini hutakiwa kuleta barua ya Chifu iwatajayo warithi. Jina la mjane likiachwa katika barua hiyo, huenda akafukuzwa katika shamba alilolilima maisha yake yote. Basi akiwekwa mtu asiyefaa, hasara humwangukia yule asiye na wa kumtetea.

Wazee wa Meru waliyajua haya tangu zamani. Mtu hakuingia Njuri Ncheke kwa kujipendekeza. Alianza katika kiama cha chini, akatazamwa jinsi anavyoamua mashauri na kutunza nyumba yake, na walioonekana kuwa wamefaa ndio walioitwa. Serikali ya Kiingereza ilipoweka kituo Meru mwaka 1908, iliwachagua machifu kwa haja yake yenyewe, na wengine wao walitiiwa kwa hofu tu. Katika miaka ya 1930 Bwana H. E. Lambert, aliyekuwa D.C. wa Meru, aliitambua Njuri na kuipa sehemu katika mambo ya wilaya.

Siku hizi nafasi ya Chifu hutangazwa, na waombaji huhojiwa na maofisa wa Serikali. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 73, yataka viongozi wateuliwe kwa uadilifu, uwezo na kufaa kwao. Lakini ofisa huona karatasi, na uso wa siku moja. Ninyi mmeishi na mtu huyo. Kwa hiyo nanyi mna kazi.

Kwanza, itajeni kazi kabla ya kumtaja mtu. Mkianza na jina, mtatafuta sifa za kumfaa huyo. Mkianza na kazi, mtatafuta mtu wa kuifaa kazi.

Pili, habari ya nafasi ienezwe sokoni, kanisani na msikitini. Njuri ilikuwa baraza la wanaume, lakini cheo cha Serikali ki wazi kwa wote. Mwanamke mwenye akili asirudishwe mlangoni.

Tatu, fungueni majani. Ninyi mfanyao biashara ya miraa mwajua kwamba mnunuzi hodari hadanganywi na jani la mgomba lililofungiwa. Hulifungua akatazama vijiti vyenyewe. Vivyo hivyo msitazame koti na maneno matamu. Waulizeni waliofanya kazi naye: Je, alizitunzaje fedha za shule au za chama? Alimsikiliza maskini sawasawa na tajiri?

Nne, jihadharini na apitaye nyumba kwa nyumba usiku akigawa fedha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Atakayekununua leo, kesho hana budi kuirudisha fedha yake, naye ataitoa kwa wenye mashauri.

Tano, mkiulizwa habari za mwombaji, semeni kweli waziwazi, hata kama ni wa ukoo wenu. Barua isiyo na jina la mwandishi humchafua mtu mwema na haimzuii mbaya.

Akisha kuwekwa, msaidieni, awe wa ukoo wenu au sivyo. Akipotoka, mwambieni mchana, mbele ya baraza. Nanyi mtakapomfikiria mtu wa cheo hicho, jiulizeni neno moja tu: nikifa usiku huu, je, naweza kumwachia mtu huyu aandike majina ya mke wangu na watoto wangu?