Semuliki: majina yao yaandikwe kando ya barabara



Leo nasema juu ya barabara ya Mbau-Kamango. Munaijua. Ukitoka Mbau unapita porini, unafika kwenye daraja ya Semuliki, unavuka, unaingia Watalinga. Kakao inapita pale, mama zetu wanapita pale, vijana wa pikipiki pia.

Pale mtoni, mangaribi ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya MONUSCO ilishambuliwa. Watu walipigana masaa mingi, usiku. Watanzania 15 waliuawa, 43 wakajeruhiwa, mmoja hakuonekana tena. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema alama zote zinaonyesha ADF. Ulisema pia kwamba hakukuwa mpango wa kweli wa kuwapelekea msaada wala kuwatoa pale.

Na askari wetu wa FARDC? Umoja wa Mataifa ulisema waliokufa hawapungui 5. Jeshi letu likatoa hesabu yake, na hazikulingana. Wandugu, hapo njo penye kuniuma. Hesabu watu wanaweza kuibishania. Lakini jina lina mama, lina bibi, lina watoto. Watanzania walirudishwa Dar es Salaam wakapokelewa kwa heshima za kijeshi. Wa kwetu, nani kati yenu anaweza kunitajia jina la mmoja tu?

Najua kuna mwenye atauliza: sisi tuliandamana tukisema MONUSCO iende, leo unatuambia tuwalilie? Ndiyo, nawaambia vile. Tuliwauliza wakubwa juu ya nini raia wanachinjwa na wao wako hapa. Ile swali hatuifuti. Lakini kijana aliyetoka kwao Tanzania akafia kwenye mto wetu, si yeye aliyeandika mipango mibaya. Yeye na askari wetu aliyekuwa pembeni yake walikufia mipango hiyo. Kuwakumbuka ni kuendelea kuuliza ile swali.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Moja: jeshi litangaze majina ya askari wetu wote waliokufa Semuliki, na familia zao zipewe haki yao. Mbili: liwekwe jiwe kando ya barabara, karibu na daraja, lenye majina ya wote, Watanzania na Wakongomani, pahali mupita njia anaweza kusimama na kusoma. Jiwe la ofisini, nani ataliona?

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Siku barabara itakuwa na usalama, tutaenda kufanya salongo pale kila Desemba, tukate majani, tusafishe jiwe. Kabla ya siku hiyo, ukisikia "askari 5 wamekufa", usipitishe tu kwenye simu. Uliza: wanaitwa nani?