Shilingi ya Nyongeza Itafanya Kazi Gani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mwanza)



Nimepewa dakika kumi niseme juu ya pendekezo la kuongeza maradufu michango ya Mfuko wetu wa Misaada. Mtunza hazina ametusomea hesabu zake vizuri: fedha zilizotumika na wanafunzi waliosaidiwa. Ndugu mmoja akagawanya papo hapo, akasema tukitoa mara mbili tutasaidia mara mbili. Mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ni bajeti. Naomba tusiende haraka hivyo.

Shilingi ya kwanza ya mfuko wowote huenda kwa mwenye shida kuliko wote. Ya pili huenda kwa anayemfuata. Kwa hiyo wastani wa mwaka jana hautuambii kazi ya shilingi ya mwaka kesho. Yatupasa kuuliza: fedha hii isipotoka, itakuwaje?

Chukueni mfano wa ada. Wengi wetu tunawakumbuka wenzetu waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Wakati ule, kumlipia mtoto kulikuwa kumrudisha darasani. Lakini mwaka 2016 Serikali ilifuta ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafuta ya kidato cha tano na sita. Fungu la ada, hata tukilijaza mara mbili, leo halimrudishi mtu darasani. Yamebaki mambo ya sare, madaftari, nauli na chakula.

Somo la pili liko jirani, wilayani Misungwi. Mwaka 2019 watafiti wa NIMR Mwanza, pamoja na wenzao wa KCMC Moshi na wa London, waligawa vyandarua vya aina nne katika vijiji 72, kila eneo likipata aina yake kwa kura. Aina moja ilikuwa ya kawaida, yenye dawa ambayo mbu wengi wa huku wameizoea. Nyingine iliongezwa dawa ya klorfenapiri, na bei yake ikazidi kwa karibu dola 1. Baada ya miaka miwili walipima watoto. Katika kila watoto 100, wa chandarua cha kawaida 46 walikuwa na vimelea vya malaria; wa chandarua kipya walikuwa 26. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chandarua hicho kitumike.

Mfadhili mwenye haraka angesema chandarua kipya kimewaokoa watoto 74. Sivyo. Watoto 54 walikuwa salama hata kwa kile cha kawaida. Kazi ya dola ile ya nyongeza ni watoto 20, na 20 si haba. Tumeijua hesabu hiyo kwa sababu vilikuwapo vijiji vya kulinganisha.

Atakuwapo wa kunijibu kwamba kutoa ni moyo. Ni kweli. Lakini mtoto wa Ukerewe aliyekosa nauli ya kivuko hasaidiwi na moyo uliokwisha kununua kitu kingine.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono nyongeza kwa masharti matatu. Kwanza, kabla ya kutoa, Kamati iandike nani angelipa kama sisi tusingelipa: Serikali, mzazi au mfadhili mwingine. Pili, waombaji wenye shida sawa wakizidi fedha zilizopo, tupige kura, kisha baada ya mwaka tulinganishe mahudhurio ya waliopata na ya waliokosa. Tatu, matokeo yasomwe hapa hapa, hata yakiwa ya kutuvunja moyo, na fungu lisilofanya kazi lihamishwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari.