TAREHE 9 DISEMBA NI YA NANI?

(Hotuba iliyosomwa Singe, mjini Babati, mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao bara)



Twaomba radhi kusimama mbele yenu, kwani sisi ni wenye duka, si wanavyuoni. Elimu yetu ni ya chuoni na ya mizani. Lakini duka nalo lina somo lake: mali bila daftari hupotea bila habari. Na taarikh ya watu ni mali.

Juzi alikuja dukani kwetu hapa Singe mtoto kununua sukari. Tulimwuliza maana ya tarehe 9 Disemba, akajibu kwa furaha: "Ndiyo siku Tanzania ilipopata uhuru, mwaka 1961." Hatukumlaumu, kwani kasema aliyoyasikia kwa wakubwa. Basi na tulifungue daftari.

Mstari wa kwanza. Tarehe 9 Disemba 1961 dola iliyopata uhuru ni Tanganyika. Luteni Alexander Nyirenda akausimika mwenge juu ya Kilimanjaro. Bwana Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Lakini Malkia Elizabeth alibaki mkuu wa dola, na Sir Richard Turnbull akawa Gavana Mkuu wake.

Mstari wa pili. Tarehe ile ile, mwaka 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri. Ndipo Malkia alipotoka, na Nyerere akaapishwa Rais. Katika kura ya Novemba mwaka huo Bwana Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC alisimama kumpinga, akashindwa vibaya mno. Twamtaja kwa sababu daftari la haki humwandika aliyeshinda na aliyeshindwa.

Je, Unguja na Pemba zimo katika mistari hiyo? Hazimo. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Disemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Mapinduzi yakawa tarehe 12 Januari 1964, na Muungano tarehe 26 Aprili 1964. Jina la Tanzania likaja baadaye mwaka huo huo. Basi vipi mtu apewe uhuru mwaka 1961, naye kazaliwa mwaka 1964?

Yuko atakayesema: "Hilo ni jina tu, lina neno gani?" Twajibu: malipo ya Ali yakiandikwa kwa jina la Juma, hesabu ya wote wawili imeharibika. Mtanganyika kafichiwa jina la dola yake, na Mzanzibari kapotezewa tarehe yake.

Hatusemi haya kwa chuki. Majirani zetu wa Singe twakaa nao kwa wema, na furaha yao ni furaha yetu. Twataka kila siku iitwe kwa jina lake.

Basi, ndugu zetu, mkirudi majumbani waiteni watoto, muwaandikie tarehe hizi tano. Mtoto yule tulimpimia sukari yake, na juu ya karatasi tuliyomfungia tukaandika: Tanganyika, 1961 na 1962.