Tusinunue Giza kwa Bei ya Mwanga

Maneno ya kamati ya maendeleo kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia



Tumesikia ya kwamba vikundi kadhaa vinataka kutoa akiba ya mavuno ya ndengu ili kila mwanachama apate mtambo wa sola. Hilo ni wazo jema. Koroboi imetuumiza macho na vifua miaka mingi, na mtoto akiipiga teke, nyumba inakwenda. Hakuna atakayesema turudi huko. Lakini pesa hizo ni za watu wengi na zimekusanywa kwa jasho, kidogo kidogo. Kwa hiyo kabla hamjainua mikono, tunaomba mtusikilize.

Tumezunguka katika vikundi vyetu, na karibu kila nyumba tuliyoingia ilikuwa na kikapu au katoni chini ya kitanda. Ndani yake mna nini? Tochi ya kuchaji iliyokataa chaji. Redio iliyovunjika tundu la waya. Chaja tatu za simu, zote zimekufa. Taa ya sola iliyowaka miezi sita ikaanza kufifia, na sasa inawaka dakika kumi tu. Kila mwenye nyumba anasema, "Labda siku moja fundi atapatikana." Jamani, katoni hiyo ni pesa zilizolala. Ukijumlisha katoni za wanachama thelathini, utapata bei ya mbuzi wengi.

Sasa basi, kwa nini vitu hivi vinatusumbua hivi? Tumeona sababu chache, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza, vingi vimetengenezwa visifunguliwe. Taa imebandikwa gundi pande zote, na betri iko ndani. Betri huchakaa kabla ya taa yenyewe, kama vile nyayo za viatu huchakaa kabla ya ngozi. Ikiwa haitoki, basi taa nzima inatupwa. Dawa ni hii: mkienda dukani, geuzeni taa muitazame mgongo. Kama ina misumari ya parafujo, na muuzaji anaweza kuwaonyesha betri ya kubadilisha, hiyo inafaa kufikiriwa. Tena, fundi asiweke betri yoyote tu. Betri hizi za lithiamu ziko za volti 3.2 na ziko za volti 3.7. Ikiwekwa isiyolingana na chaji ya taa, itakufa mapema au hata kushika moto. Mwambieni asome maandishi ya betri ya zamani kwanza.

Pili, maandishi ya paneli husema uongo mara nyingine. Paneli imeandikwa wati 50, lakini ni ndogo kama daftari la shule. Haiwezekani! Paneli ya kweli ya wati 50 inakaribia upana wa meza ndogo ya chai. Angalieni karatasi iliyo nyuma, mzidishe volti kwa ampea za wakati wa kazi. Volti 18 mara ampea 2.8 ni kama wati 50. Hesabu isipokubali, msikubali nanyi. Halafu fundi mwenye mita aipime juani saa sita mchana, kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Tatu, betri ya gari si betri ya nyumba. Wengi wetu huinunua kwa sababu ni rahisi kupatikana, hata kuukuu. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, injini ishike, basi. Ukiikamua usiku kucha, kila usiku, itakufa upesi. Tafuteni iliyotengenezwa kwa kazi ya sola, na hata hiyo msiikamue zaidi ya nusu. Betri ya volti 12 ya maji, ikiwa imejaa na imetulia saa kadhaa bila kazi, mita husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2, imefika nusu. Zimeni, mlale. Mita ndogo ni bei ya chini kuliko betri, na moja yatosha kikundi kizima. Maji yakipungua, ongezeni yale yaliyosafishwa ya betri, si ya mto na si asidi. Na betri isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko, kwa maana ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Nne, tunaipa sola mzigo isioweza. Hebu tupige hesabu pamoja. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali saa 5 kwa siku, ni 250. Toa kama theluthi inayopotelea njiani, kwenye waya, joto na betri. Zinabaki kama 170. Balbu nne za wati 5 zikiwaka saa 4, ni 80. Redio ya wati 5 saa 6, ni 30. Simu mbili za kisasa, kama 36. Jumla 146. Mpaka hapo tuko salama. Sasa kijana analeta televisheni ya wati 24 anataka kuangalia mpira saa 4. Hiyo ni 96. Jumla inakuwa 242, na mfuko una 170 tu. Betri ndiyo italipa hilo deni, na kwa miezi michache itakuwa imekufa. Na pasi ya umeme je? Pasi moja ya wati 1,000 kwa nusu saa inakula 500. Pasi ya makaa na iendelee na kazi yake. Hakuna aibu hapo.

Tano, ufungaji. Waya mwembamba mrefu hula umeme kabla haujafika kwenye balbu, kwa hiyo waya uwe mnene na njia iwe fupi. Kivuli cha tawi moja la mwembe chaweza kupunguza nguvu ya paneli nzima. Ilazeni paneli kwa mteremko kidogo ili mvua ioshe vumbi, na kiangazi mtu aipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Tukija kwenye malipo, siku hizi tangu pesa za simu zianze mwaka 2007, mauzo ya kulipa kidogo kidogo kila siku yameenea sana. Yamewasaidia watu wasioweza kutoa pesa zote mara moja, na hatuyadharau. Lakini wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Tuchukue mfano: amana shilingi 3,000, na shilingi 50 kila siku kwa siku 400. Shilingi 50 yaonekana ndogo kama bei ya sukari. Kumbe jumla ni 23,000. Mtambo wa namna hiyo hujifunga wenyewe usipolipa. Ukiwa na mgonjwa hospitalini na pesa zimekwisha, taa nayo inazimika. Kwa hiyo muulizeni muuzaji mambo matatu, ayaandike kwenye karatasi. Jumla ya mwisho ni ngapi? Kikiharibika deni halijaisha, nani anatengeneza, na nitaendelea kulipa kikiwa kwake? Nikimaliza deni, betri mpya nitaipata wapi? Akianza kucheka badala ya kujibu, shikeni njia.

Mjue pia kwamba sheria iko upande wenu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kuitumia vizuri, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Lakini haki bila risiti ni kama kesi bila shahidi. Risiti iandikwe jina la duka, tarehe, aina ya kifaa na muda wa dhamana. Mweka hazina azitunze zote katika faili moja, si chini ya mto wa kila mtu.

Jambo jingine ni betri zilizokufa. Msizipasue nyumbani kutoa risasi iliyomo, wala msimwage asidi shambani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014, na sumu ya risasi ikawadhuru wakazi, watoto pia. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Pesa hazirudishi afya ya mtoto. Betri kuukuu irudi kwa muuzaji. Wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya.

Basi tunashauri nini? Tunashauri vikundi visinunue mitambo thelathini kwa siku moja. Nunueni miwili ya kujaribu, mmoja kwa nyumba iliyo karibu na barabara na mwingine kwa nyumba ya mbali. Itumieni miezi mitatu, mvua na kiangazi. Daftari liandikwe kila wiki: iliwaka saa ngapi, iliharibika nini, nani aliitengeneza. Wakati huo, chagueni vijana wawili, msichana na mvulana, wakakae na fundi wa jua kali mwaminifu wajifunze kupima, kuunga waya na kubadilisha betri. Nauli yao kikundi kitoe. Wakirudi, waanze na zile katoni zilizo chini ya vitanda. Vingi mle havijafa, vina waya uliokatika tu au swichi iliyojaa vumbi.

Na pale ambapo kila nyumba haiwezi, kikundi kinaweza kuwa na mtambo mmoja mzuri mahali pamoja, watu wachaji simu na taa kwa ada ndogo. Ada hiyo iwekwe kando, isichanganywe na merigoraundi, maana ndiyo itakayonunua betri ijayo. Betri itakufa, hilo lijulikane tangu siku ya kwanza. Kikundi kilichoweka akiba ya betri kitaendelea kuwa na mwanga, na kisichoweka kitarudi kwenye koroboi.

Wajumbe, rudini mkayajadili haya na wanachama wote, wakiwemo wale ambao huwa hawasemi mikutanoni. Mwezi ujao kila kikundi kilete majibu mawili: ni nani watakaojifunza ufundi, na ni nyumba zipi mbili za kuanzia. Mkishakubaliana hayo, hapo ndipo sanduku la akiba lifunguliwe.