Chungwa Zima na Cheti cha Shangazi

Leo sitazungumza juu ya bei ya mafuta wala juu ya waheshimiwa. Leo nataka tuingie jikoni. Najua wako watakaosema kwamba jikoni si mahali pa mwanamume aliyekwisha kuota mvi, tena mtangazaji. Nakuomba uvute subira. Mimi niliingia huko kutafuta keki, nikatoka na keki na hoja.

Keki yenyewe asili yake ni kisiwa cha Sicilia, kusini mwa Italia. Wenyewe huiita pan d'arancio, yaani mkate wa chungwa. Mara nyingi huokwa katika kibati kirefu, ikatoka na umbo la mkate wa dukani, juu imepasuka kidogo, ndani ina rangi ya dhahabu. Ajabu yake ni moja. Chungwa linaingia zima. Halimenywi wala halikamuliwi. Huoshwa, likakatwa vipande, likatolewa kokwa, kisha likasagwa pamoja na ganda lake mpaka likawa kama uji mzito.

Utauliza keki ya Sicilia ilifikaje nyumbani kwangu Kisauni, Mombasa. Ililetwa na shangazi yangu, na yeye aliipata Malindi. Wengi wenu mwajua habari ya Malindi na Waitaliano. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Setilaiti ya kwanza kutoka hapo ilirushwa mwezi wa Aprili 1967. Nyingine ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikapewa jina la Uhuru. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja waliojenga nyumba na kukaa. Leo si ajabu kumsikia kijana wa Malindi akibishana bei kwa Kiitaliano bila kukwama.

Katika nyumba moja ya namna hiyo shangazi alifanya kazi ya upishi miaka 22. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu wa Palermo, naye ndiye aliyemfundisha keki hii. Mwaka wa kwanza mama aliipika, shangazi akitazama. Mwaka wa pili shangazi aliipika, mama akitazama. Kuanzia mwaka wa tatu shangazi aliipika peke yake, na wageni wakala wakamsifu mama. Sisemi haya kwa ubaya, ndivyo dunia ilivyo. Wenyewe walipouza nyumba na kurudi kwao, shangazi alipewa mshahara wake wa mwisho, akakumbatiwa, akapewa na kile kibati. Karatasi ya kusema kwamba mtu huyu anajua kuoka hakupewa, na yeye hakujua kuiomba.

Mwaka uliopita binti yake alisikia kwamba mahali fulani mjini panatafutwa mwokaji. Akamvisha mama yake buibui jipya, wakaenda. Waliulizwa swali moja tu: cheti kiko wapi? Cheti hakikuwapo. Wakaambiwa asanteni, mwaweza kwenda. Hakuna aliyemwambia, hebu ingia jikoni tukuone. Shangazi alirudi akavua buibui lake, akalikunja, akaliweka sandukuni, asiseme neno mpaka alasiri.

Jambo hilo liliniuma. Nikasema moyoni, kama hana karatasi, basi mimi mwenye diploma ya uandishi nitamwandikia. Nilimwomba anisomee mapishi ya keki ile. Akanieleza kwa dakika mbili, nami nikaandika haraka kama niandikavyo habari. Jumamosi moja alipokwenda matangani, niliingia jikoni peke yangu na karatasi yangu. Msikilizaji, sitakuficha. Nilisaga chungwa pamoja na kokwa zake, kwa kuwa niliandika "zima" nikaelewa zima. Nilikoroga unga kwa nguvu kama mtu anayesonga sima. Kisha nikafungua oveni kila baada ya dakika tano kutazama maendeleo. Keki ilitoka imebonyea katikati, ngumu pembeni, na chungu kama shubiri. Watoto wangu, ambao hawajapata kukataa keki tangu wazaliwe, waliikataa.

Shangazi aliporudi aliionja, akafumba jicho moja. Akasema, "Mwanangu, uliandika maneno yangu, hukuandika mkono wangu."

Basi Jumamosi iliyofuata tulipika pamoja. Yeye alipima kwa bilauri yake kama alivyozoea, nami kabla kitu hakijaingia bakulini nilikiweka kwanza juu ya mizani. Kwa hiyo vipimo nitakavyokusomea ni vya mkono wake. Chukua kalamu.

Unga wa ngano gramu 300. Sukari gramu 250. Mayai matatu. Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, mililita 100. Maziwa mililita 100. Baking poda gramu 16, ambacho ndicho kipimo cha kipakiti kimoja cha Kiitaliano. Ukipima kwa kijiko cha chai ni vijiko vinne hivi. Chumvi, chembe tu. Na chungwa moja kubwa la gramu 250 au zaidi kidogo.

Anza na oveni, iwe na joto la nyuzi 180 kabla hujavunja yai la kwanza. Paka kibati mafuta na ukinyunyizie unga. Osha chungwa, likate vipande, toa kila kokwa, kwa maana uchungu mwingi umejificha humo. Kata na kutupa vile vikonyo vya juu na chini. Lisage mpaka lilainike. Piga mayai na sukari mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mzito, maana hewa unayoipiga humo ndiyo itakayosaidia kuinua keki. Tia mafuta, tia maziwa, tia chungwa. Mwisho kabisa chekecha unga pamoja na baking poda na chumvi juu yake, ukoroge kwa mwiko polepole mpaka unga upotee, kisha uache hapo hapo. Unga wa ngano ukikorogwa sana hushikana na kuvutika. Sifa hiyo ni njema kwa chapati, kwa keki ni hasara.

Usiuache mchanganyiko ukae. Baking poda ikishapata maji huanza kazi mara moja, na ukienda kupiga soga mlangoni utarudi ukute nguvu zimekwisha. Tia katika oveni, funga, na usifungue kabla ya nusu saa. Baada ya dakika 40 hadi 50 choma katikati kwa njiti kavu. Ikitoka safi, keki imeiva.

Nilimwuliza shangazi kwa nini ganda lisitupwe, maana sisi huku tunalitupa. Hakunijibu kwa maneno. Aliwasha mshumaa, akachukua kipande cha ganda bichi, akakikunja karibu na mwali. Cheche zikarukaruka, kama tulivyokuwa tukicheza utotoni. "Hayo ni mafuta," akasema. "Harufu ya chungwa iko hapo. Maji yake ni utamu na ukali tu." Na ndivyo ilivyo. Katika ngozi ya chungwa mna vifuko vidogo sana vilivyojaa mafuta yenye harufu kali, na mafuta hayo hustahimili moto wa kuoka kuliko maji ya chungwa yaliyo mepesi. Ukitia maji peke yake utapata keki tamu, ila mlaji atakuuliza ni keki ya nini.

Hapa niseme neno la tahadhari. Mapishi ya Kiitaliano husisitiza chungwa lisilotiwa dawa, na sababu ipo. Machungwa yanayosafirishwa mbali mara nyingi hupakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu baada ya kuchumwa, na vyote hivyo hukaa kwenye ganda. Ukiona chungwa linang'aa kama kiatu cha askari, mwulize mwuzaji limetoka wapi. La shambani jirani ndilo bora kwa kazi hii. Wala usiogope rangi. Machungwa ya pwani yetu huiva yakiwa bado ya kijani kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuyageuza rangi. Ila kwa ulimi wangu ganda lake ni kali zaidi. Kwa hiyo shangazi huparuza ngozi ya juu tu kwa kikwaruzo, akatupa ule utando mweupe, kisha akasaga nyama ya ndani.

Tulipokuwa tayari kuingiza kibati, stima ikazimika. Nikashika kichwa. Shangazi hata hakugeuka. Maharagwe yalikuwa jikoni na makaa yamekolea. Akayaepua maharagwe, akachukua sufuria kubwa, akamwaga mchanga mkavu chini, akakaa nayo motoni kidogo ipate joto, akaweka kibati juu ya mchanga, akafunika kwa sinia na kupalia makaa juu. Moto mdogo chini, moto zaidi juu, kama tunavyooka mkate wa mayai tangu enzi za bibi zetu. Saa yake ilikuwa pua yake. Baada ya muda akasema, "Nusa." Nikanusa. Akasema, "Bado ni harufu ya yai. Ngoja iwe ya sukari." Ilipokuwa ya sukari akafunua. Keki ilikuwa imesimama, imepasuka juu, rangi ya dhahabu. Sisi tuliila ingali na joto, ingawa Waitaliano hupenda ipoe kwanza, wengine huimwagia juu maji ya chungwa yaliyokorogwa na sukari ya unga.

Nikiwa natafuna nilianza kufikiri juu ya jambo hili la kigeni na la kwetu. Ndimu, malimau na machungwa machungu hayakuzaliwa Sicilia. Yalipelekwa na Waarabu, ambao walianza kukiteka kisiwa hicho mwaka 827, wakaleta na kilimo cha umwagiliaji na miwa. Ndiyo maana Mwitaliano husema limone nasi twasema limau, yeye husema zucchero nasi twasema sukari. Ni maneno ya ukoo mmoja. Chungwa tamu lilifuata karne nyingi baadaye, na wafanyabiashara wa Kireno walikuwa na mkono mkubwa katika kulieneza, hata Wasicilia wengine huliita partuallu, kwa jina la Ureno.

Na Wareno hao hao walipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498 pamoja na Vasco da Gama, mmoja wao aliandika katika kumbukumbu za safari kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Fikiri, msikilizaji. Chungwa lilikuwapo hapa. Sukari ilikuwapo hapa. Makaa ya juu na chini tunayo. Hata mwokaji alikuwapo, ameketi mkekani nyumbani kwangu. Kilichokosekana ni karatasi.

Sipingi vyeti. Mimi mwenyewe nakula kwa cheti. Anayelisha umma lazima athibitishwe kwamba anajua usafi na kazi yake. Ninachopinga ni mlango unaofungwa kabla mtu hajaonyesha mkono wake. Nchini Kenya tunayo mamlaka ya kitaifa ya kusimamia sifa za elimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na upo utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazini na kumtambua kwa cheti bila kumrudisha darasani kuanza moja. Wapishi wangapi wa majumbani wanalijua jambo hili? Shangazi hakulijua. Mimi, mtu wa habari, nilikuwa nalisoma katika taarifa na sikupata kumwambia. Aibu hiyo naichukua.

Na kwenu mnaoajiri wapishi, ombi langu halina gharama. Mtu akikutumikia miaka miwili au ishirini, mwandikie barua. Taja jina lake, taja anachoweza kukipika. Keki mwaweza kuila siku moja ikaisha, lakini barua hiyo itamlisha yeye mlipokwisha kuondoka.

Jumatatu hii, inshallah, nitampeleka shangazi kuuliza juu ya kupimwa huko. Amekwisha kulitoa lile buibui sandukuni na kulianika. Ameniambia atabeba kibati chake, na chungwa moja, wasije wakasema hawana.

Msikilizaji, kalamu yako nadhani imekwisha kuandika vipimo. Jaribu Jumamosi hii, na usisahau kutoa kokwa. Hadi juma lijalo, kwaheri.